Si Kila Kienyeji Huatamia: Uteuzi wa Koo wa Kuku katika Vitongoji vya Magharibi mwa Nairobi

Utangulizi

Neno kienyeji limepata soko kubwa jijini Nairobi. Kuna mboga za kienyeji, mayai ya kienyeji na kuku wa kienyeji. Kwa mlaji anayenunua nyama katika City Market, kwenye barabara ya Muindi Mbingu, neno hili halileti utata mkubwa. Yeye hutarajia nyama iliyokomaa na mchuzi wenye ladha, na aghalabu huvipata. Hali ni tofauti kwa mfugaji wa Kangemi, Uthiru, Kawangware au Waithaka anayetafuta kuku wa kuatamia mayai. Mfugaji huyo huweza kununua tembe watatu walionadiwa kuwa wa kienyeji, akawalisha hadi wakaanza kutaga, akawawekea viota vizuri, kisha akangoja miezi sita bila hata mmoja kulalia yai. Mayai huendelea kutagwa kila siku, lakini kifaranga haonekani.

Hasara hiyo haitokani na bahati mbaya wala uzembe wa mfugaji. Inatokana na ukweli kwamba jina moja limefunika kuku wa asili mbili tofauti: wale ambao silika ya kuatamia ingalimo katika damu yao, na wale ambao silika hiyo imefifishwa na uzalishaji teule. Makala haya yananuia kueleza tofauti hiyo, chanzo chake, na njia ambazo mfugaji wa vitongoji vya magharibi mwa Nairobi anaweza kuzifuata ili amteue kuku atakayekaa juu ya mayai hadi yaanguliwe.

Istilahi za kuku na uzazi wake

Kiswahili kina hazina ya kutosha ya kumweleza kuku kwa kufuata hatua za maisha yake. Kifaranga akikua, wa kiume huwa pora kabla ya kuwa jogoo, na wa kike huwa tembe, yaani kuku ambaye hajaanza kutaga. Tembe akikaribia kutaga huitwa mtetea, kwa kuwa hutetea, yaani hutoa mlio maalumu akizungukazunguka kutafuta mahali pa kutaga. Akishazaa na kulea huwa koo. Koo, basi, ni cheo kinachothibitishwa na kazi. Kuku anayetaga mayai 200 bila kuatamia hata mara moja ana haki ya kuitwa mtagaji hodari, lakini si koo kwa maana ambayo mfugaji huikusudia.

Vitenzi navyo vina mipaka yake. Kuku huatamia au hulalia mayai anapoyakalia ili kuyapa joto. Mayai huanguliwa kifaranga anapovunja ganda na kutoka, na kuku husemwa kuwa ametotoa. Yai lililoatamiwa likaharibika huitwa yai viza. Kwa hiyo, anayetafuta kuku wa uzazi anahitaji mwenye sifa tatu kwa pamoja: aatamie, atotoe na alee. Wapo wanaoanza kuatamia wakaghairi baada ya wiki moja, na wapo wanaototoa kisha wakawadonoa vifaranga wao wenyewe.

Neno kienyeji kwa upande wake limetokana na mwenyeji, na maana yake ya msingi ni cha hapa petu, kisicho kigeni. Katika biashara ya kuku, hata hivyo, maana hiyo imepanuka. Siku hizi neno humtaja kuku yeyote mwenye manyoya ya rangi mchanganyiko, anayeweza kuachiliwa ajitafutie chakula, na ambaye si kuku mweupe wa nyama wala kuku wa mayai wa viwandani. Ndiyo maana wafanyabiashara wamelazimika kubuni vitambulisho vya ziada, kama vile kienyeji asilia kwa kuku wa tangu jadi, na kienyeji kilichoboreshwa kwa kuku wa mbegu mpya. Mnunuzi asiyeuliza ni yupi kati ya hao wawili hujiweka mikononi mwa muuzaji.

Kinachomfanya kuku aatamie

Wahenga walinena kuwa mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Kuatamia pia hakufunzwi. Tembe aliyelelewa bila mama huweza kuatamia vyema siku yake ikifika, kwa sababu tabia hii huongozwa na mwili wenyewe. Kuku mwenye silika hiyo akishataga mayai kadhaa na kuyagusa kila siku kwa kifua chake, kiwango cha homoni iitwayo prolaktini hupanda katika damu. Viungo vyake vya uzazi husinyaa, utagaji hukoma, na hamu ya chakula hupungua. Manyoya ya kifuani hupukutika ili ngozi yenye joto igusane na mayai. Kuku huyo hukaa kiotani siku 21, akiyageuza mayai mara kwa mara, na hutoka kwa muda mfupi tu kula, kunywa na kunya.

Ni muhimu kutambua gharama ya tabia hiyo kwa upande wa mayai. Kuku wa kienyeji asilia hutaga mkupuo wa mayai 10 hadi 15, huyaatamia kwa wiki tatu, kisha hulea vifaranga kwa wiki nane au zaidi kabla ya kutaga tena. Kwa mwaka mzima hupata takriban mikupuo mitatu au minne, yaani mayai 40 hadi 60 hivi. Kuku wa mayai wa kisasa hutaga takriban mayai 300 kwa mwaka. Tofauti hii ina sababu kadhaa, lishe ikiwamo, lakini mojawapo iliyo kuu ni kuwa huyu wa pili hakatizi utagaji wake ili aatamie.

Wazalishaji wa mbegu waliliona hilo zamani. Kila kuku aliyekaa juu ya mayai alihesabiwa kuwa amepoteza miezi ya utagaji, akaondolewa katika kundi la kuzalisha. Waliobaki ni wale wasioatamia, na watoto wao wakarithi hali hiyo. Leghorn, kuku mweupe mwenye asili ya Italia, ni mfano mashuhuri wa matokeo ya uteuzi huo. Kilichoshindikana kufunzwa, basi, kiliwezekana kuondolewa kwa uteuzi, kizazi baada ya kizazi.

Safari ya mbegu mpya nchini Kenya

Serikali ya Kenya, kwa msaada wa Uholanzi, ilianzisha mpango wa kitaifa wa kuendeleza ufugaji wa kuku mwaka 1976. Mojawapo ya mbinu zake ilikuwa kubadilishana majogoo: mfugaji alitoa jogoo wake wa kienyeji akapewa wa mbegu ya kigeni ili vifaranga wawe wakubwa na mayai yawe mengi. Lengo lilieleweka, kwa kuwa kuku wa kienyeji ni mdogo na hukua polepole. Lakini jogoo huyo wa kigeni alikuja na urithi wake wote, ukiwamo ule wa mama zake wasioatamia.

Baadaye taasisi ya utafiti wa kilimo, KARI, ilizalisha kienyeji kilichoboreshwa katika kituo chake cha Naivasha. Kufuatia sheria ya mwaka 2013, KARI iliunganishwa na taasisi nyingine kuwa KALRO, ambayo makao yake makuu yapo Loresho, katika vitongoji hivi hivi vya magharibi. Kuku wa KALRO hutaga zaidi ya mayai 200 kwa mwaka akitunzwa vyema. Pamoja naye wameingia Kuroiler, aliyezalishwa nchini India mwanzoni mwa miaka ya 1990. Rainbow Rooster, ambaye pia asili yake ni India. Sasso kutoka Ufaransa. Na Kenbro, anayetokana na kampuni ya Kenchic.

Kuku hawa wana manufaa yao na hakuna haja ya kuwabeza. Hukua haraka, huvumilia maisha ya kuachiliwa, na familia nyingi zimenufaika nao. Hata hivyo, kwa kawaida hawaatamii, au huatamia kwa nadra mno, na vifaranga wao hutotolewa kwa mashine. Anayenunua Kuroiler au kuku wa KALRO kwa ajili ya mayai na nyama amechagua vyema. Anayewanunua awe na makoo amekosea njia.

Aina zinazofaa kuatamia

Chaguo la kwanza kwa mfugaji wa Nairobi ni kienyeji asilia, hasa anayeletwa kutoka vijijini magharibi mwa Kenya na Ukambani, ambako kuku bado huzaliana bila mashine. Huko, kuku asiyeatamia hakuachi kizazi, na hivyo silika hii imejihifadhi yenyewe. Ndani ya kundi hili zipo sura mbalimbali. Kishingo ni kuku asiye na manyoya shingoni. Kidimu ni mwenye manyoya yaliyopinda na kusimama. Yupo pia kibete, mwenye miguu mifupi sana. Sura hizi hazimhakikishii mfugaji kuwa kuku ataatamia; kinachohakikisha ni ukoo. Zaidi ya hayo, kishingo na kidimu hupoteza joto la mwili upesi kuliko wenzao, jambo linalowafaa katika nchi za joto. Nairobi ipo zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni hadi Agosti katika maeneo ya Kabete na Uthiru si ya mzaha. Mfugaji wa huko atanufaika zaidi na kuku mwenye manyoya mengi, au awe na banda kavu lisilopenya upepo.

Kuchi, kuku mrefu anayejulikana sana Lamu na kwingineko katika pwani ya Kiswahili, huwavutia wengi kwa umbo lake na kwa ujasiri wa majogoo wake. Kwa kazi ya kuatamia, uzito wake ni wa kuangaliwa. Kuku mzito mwenye miguu mirefu huweza kuvunja mayai anapoingia kiotani, hasa mayai yenye ganda jembamba. Kwa hiyo, kuchi hufaa zaidi kuongeza ukubwa wa kizazi kuliko kuwa koo wa pekee wa boma.

Kundi la tatu ni kuku wa kigeni wasiopoteza silika yao. Silkie, mwenye manyoya laini mithili ya pamba, anasifika duniani kote kwa kupenda kuatamia, na hukubali hata mayai ya bata. Wapo pia Cochin na Brahma, wenye asili ya Asia, na bantamu wa aina mbalimbali. Hawa hufugwa Nairobi zaidi kama kuku wa mapambo, na bei zao huwa juu. Silkie na bantamu ni wadogo, hivyo hutosha kufunika mayai machache tu ya kuku wa kawaida. Aidha, manyoya ya Silkie hayazuii maji, kwa hiyo mvua ya Aprili huweza kumdhuru akikosa pa kujihifadhi.

Kundi la mwisho ni chotara, aliyezaliwa na kienyeji asilia na mbegu mpya. Wengine huatamia na wengine hawaatamii, na hakuna awezaye kuwatofautisha kwa macho. Hawa wahukumiwe mmoja mmoja kwa matendo yao.

Namna ya kumteua koo

Kwa kuwa sura haitoshi, mnunuzi hana budi kuuliza. Swali la msingi ni iwapo mama yake kuku huyo alikuwa akiatamia. Muuzaji aliyemtoa kuku bomani kwake atalijibu bila kusita. Mchuuzi aliyemnunua kutoka kwa mchuuzi mwingine huenda asiwe na jibu. Ndiyo maana ni afadhali kununua kwa jirani wa Waithaka au Dagoretti ambaye vifaranga wake wanaonekana wakimfuata mama yao, hata kama bei ni ya juu, kuliko kununua ndani ya tenga lililotoka mbali. Aliye bora kabisa ni kuku aliyekwisha kutotoa na kulea angalau mara moja. Tembe ni bahati nasibu, tena kuku wengi huatamia kwa utulivu zaidi baada ya mkupuo wa kwanza.

Dalili za kuku aliye tayari kuatamia hazifichiki. Hukaa kiotani hadi usiku badala ya kupanda kitini pa kulalia. Akisogelewa hujitutumua manyoya, hunguruma na kudonoa, na akitolewa nje hurejea mbio. Inashauriwa apewe kwanza mayai mawili au matatu yasiyo ya kutotolewa, na akiyang'ang'ania kwa siku mbili, awekewe mayai halisi usiku kukiwa na giza. Mayai hayo yawe yametoka kwa kuku waliopandwa na jogoo, na yasiwe yamekaa zaidi ya wiki moja. Koo wa kawaida hufunika mayai 10 hadi 12. Akizidishiwa, ya pembeni hupoa na kuwa viza.

Siku ya saba, mayai humulikwa gizani kwa tochi. Yai lenye uhai huonyesha mishipa ya damu kama utando wa buibui, na lisilo nayo liondolewe. Kiota kikaguliwe dhidi ya viroboto na utitiri, kwa sababu kuku anayenyonywa damu usiku kucha huyasusa mayai hata akiwa na silika ya namna gani. Maji na nafaka viwekwe karibu ili asitoke kwa muda mrefu.

Sifa ya ulezi hupimwa baada ya kutotoa. Angani mwa Nairobi mwewe ni wengi, na mitaani paka hawakosekani. Koo mwema huwaita vifaranga chini ya mbawa zake kwa mlio mmoja, na humkabili adui aliye mkubwa kumshinda. Anayewatelekeza asipewe nafasi ya pili.

Jogoo na urithi uliosahaulika

Wafugaji wengi hudhani kuwa kuatamia ni suala la majike peke yao. Jogoo haatamii, lakini nusu ya urithi wa binti zake hutoka kwake. Mfugaji mwenye makoo hodari akimleta jogoo wa Kuroiler kwa sababu ya ukubwa wake, huweza kugundua baada ya vizazi viwili kuwa boma lake limejaa kuku wanono wasiojua kukaa juu ya mayai. Pora wa kubakizwa, basi, asichaguliwe kwa uzito wake tu. Achaguliwe pia kwa mama yake: awe mwana wa koo aliyeatamia, akatotoa na kulea.

Uteuzi kama huo hufanyika hata pale mfugaji asipokusudia. Wapo wanaomtosa kuku majini au kumfungia kikapuni ili aache kuatamia na arudi kutaga. Wapo pia wanaowauza makoo kwanza, kwa kuwa hawatagi wakati huo, wakabakiza wanaotaga mfululizo. Kila mmoja wao anarudia, kwa kiwango kidogo, kazi iliyowafikisha Leghorn mahali walipo.

Koo na mashine

Yawezekana kuuliza kama koo ana umuhimu wowote wakati mashine za kuangulia mayai zinapatikana. Kwa mwenye mayai mamia na umeme wa uhakika, mashine ni lazima. Lakini mfugaji mwenye kuku watano nyuma ya nyumba huko Kangemi ana hesabu tofauti. Mashine huhitaji joto la karibu nyuzi 37.5 kwa siku zote 21, na umeme ukikatika usiku mmoja mayai yote huweza kuharibika. Baada ya hapo vifaranga huhitaji joto la makaa au taa kwa wiki kadhaa. Koo hutoa joto hilo bure, Juni na Desemba.

Kwa mfano, makoo watatu wakiwekewa mayai 12 kila mmoja kwa siku moja, na kila mmoja akatotoa 9, mfugaji hupata vifaranga 27 wa umri mmoja, ambao ni rahisi kuwachanja pamoja dhidi ya kideri. Vifaranga wote huweza kukabidhiwa koo mmoja au wawili usiku, na aliyebaki akarejea kutaga mapema. Utaratibu huu unajulikana na wakulima wengi wa magharibi mwa Kenya, na unafaa pia mahali penye nafasi finyu. Sheria ya Kaunti ya Nairobi ya mwaka 2015 kuhusu kilimo cha mjini inakitambua kilimo cha aina hii na kukiwekea udhibiti, kwa hiyo mfugaji azingatie usafi na haki za majirani.

Hitimisho

Imebainika kuwa uteuzi wa koo hauongozwi na rangi, ukubwa wala jina la sokoni. Huongozwa na ukoo wa kuku na kazi aliyokwisha kuifanya. Kwa mfugaji wa vitongoji vya magharibi mwa Nairobi, kienyeji asilia mwenye manyoya ya kutosha na uzito wa wastani ndiye chaguo la kwanza, na jogoo wa ukoo huo huo ndiye mwenzake. Mbegu zilizoboreshwa zibaki kwa kazi zilizokusudiwa.

Suala hili linawahusu wanalugha pia. Pale ambapo neno moja hubebeshwa maana mbili zinazokinzana, anayeumia ni yule asiye na neno la pili la kuulizia. Tembe, mtetea na koo ni maneno ambayo kijana wa mjini anaweza kuyasoma kwenye kamusi bila kuwahi kuyasikia sokoni, ilhali hapo sokoni ndipo yangemfaa zaidi. Mnunuzi anayeuliza kama kuku ni wa kienyeji atajibiwa ndiyo na kila muuzaji. Anayeuliza, "Huyu ni koo? Ameatamia mara ngapi?" atakuwa ameuliza swali lenye jibu.